Afande Amehama, Tukusanyike Tumsikilize

Hapa Goma hatungoji kuambiwa kwamba afande fulani amebadilisha upande. Redio iliyokuwa inapiga rumba tangu alfajiri inanyamaza, halafu inarudi na muziki wa gwaride. Mtangazaji tuliyemzoea hayupo, na aliyekaa mahali pake anakohoa kabla ya kila sentensi. Shefu wa mtaa anapita na megafoni: kesho saa tatu kila mtu uwanjani, maduka yafungwe, na asiyefika atatafutwa aeleze sababu. Pale soko la Virunga mama wauza maharagwe wanatazamana tu. Kopo la gigozi, ambalo jana lilijazwa mpaka likafanya kichuguu, leo linapimwa likiwa na bonde katikati, na bei imepanda. Ukiuliza, mama anakujibu bila kuinua kichwa: "Papa, hujasikia redio?" Redio yenyewe ndiyo kwanza inakohoa.

Basi kesho yake tunakwenda. Saa tatu tumeshafika, tumesimama juani, watoto migongoni, kila mmoja akihesabu kichwani alichokosa kuuza asubuhi hiyo. Afande anafika saa sita.

Hotuba tunaijua. Akikwama katikati tungeweza kumsaidia. Kwanza anatuita wapendwa wananchi, jina ambalo hatukulisikia alipokuwa anatupekua mifuko ya makala, ule mkaa wetu, barabarani. Anasema amefikiri sana, usiku na mchana. Anasema hakuweza tena kuvumilia mateso ya raia, na hapo minong'ono inaanza, maana katika mateso anayoyataja yapo yenye sahihi yake. Anasema askari wake hawakulipwa, kambi haina dawa, wakubwa wa Kinshasa wamekula zote. Hilo hatubishi hata kidogo. Kisha anafika kwenye kilele: yeye hakuhama, jamani, ni serikali iliyohama ikawaacha wananchi, yeye amebaki palepale alipokuwa siku zote. Anayasema hayo amevaa kombati mpya yenye bendera nyingine begani, na mikono ya shati haijakunjwa vizuri kwa sababu si kipimo chake.

Tunapiga makofi. Si kwamba tumesadiki, ila mwenye makofi mengi hurudi nyumbani mapema.

Sasa, mtu wa mbali anaweza kuona tunakejeli jambo zito. Askari kuasi si mchezo, watu wanakufa, na ni kweli kwamba mara nyingine serikali inayoachwa ilistahili kuachwa. Hatukatai. Tunachonung'unikia ni yale maelezo, kuitwa kuyasikiliza, na kuyasikiliza tena mwaka mwingine kutoka kwa mtu yuleyule akielekea upande wa pili. Afande akitaka kuhama na ahame. Kwa nini lazima tufunge maduka?

Wazee wetu wanasema mambo haya ya mapinduzi yalikwisha kuchanganyika zamani. Mwaka 1967 Mobutu alianzisha chama chake, MPR, ambacho kwa jina kilikuwa chama cha mapinduzi, na baadaye kila Mzaire akawa mwanachama tangu tumboni mwa mama yake. Mwaka huohuo, huko milimani Fizi, Laurent-Désiré Kabila naye akaanzisha chama chake, PRP, nacho kwa jina cha mapinduzi. Kwa hiyo kwa karibu miaka thelathini nchi ilikuwa na mapinduzi mawili, moja ikulu na jingine mlimani, na sisi tuliobaki katikati tulikuwa tunatafuta chumvi.

Oktoba 1996 ulipotangazwa muungano wa waasi, AFDL, Kabila akiwa msemaji wake, askari wa Mobutu walikuwa wamekaa muda mrefu bila mshahara wa maana. Mobutu mwenyewe, inavyosimuliwa, aliwahi kuwauliza kwa nini wadai mshahara na wana bunduki. Mwanzoni mwa Novemba mji wetu ukaanguka. Majeshi ya Zaire yakaondoka kuelekea magharibi, na kila mji yaliyopitia uliporwa kabla ya kukombolewa, kiasi kwamba mkombozi alikuta hakuna cha kupora na akaonekana mtu mwema. Vijana wetu wa shule, wale kadogo, wakabeba bunduki zilizowazidi urefu na kutembea kwa mabuti ya mpira. Kisangani ikaanguka Machi 1997. Tarehe 17 Mei wakaingia Kinshasa.

Na katika safari hiyo yote ndipo tulipoanza kuzoea. Askari waliokimbia huku wakirudi nyuma walionekana baadaye wakija mbele. Sura zilezile, wimbo mpya. Kila mmoja alikuwa na maelezo: alilazimishwa, alidanganywa, moyoni siku zote alikuwa mkombozi, mwili ndio uliochelewa.

Yupo mmoja ambaye maelezo yake tungeyasikiliza bila kushurutishwa, hata tungekaa chini. Jenerali Mahele, mkuu wa majeshi ya Mobutu siku za mwisho, mtu ambaye watu wa Kinshasa walimheshimu kwa sababu aliwahi kuwazuia askari wake mwenyewe wasipore. Aliona vita imekwisha, akatafuta njia mji usichomwe bure. Usiku wa kuamkia 17 Mei wenzake wakamwita msaliti na kumuua katika kambi ya Tshatshi. Hakuwahi kufika redioni. Waliofika redioni ni wengine.

Turudi kwenye kitu kilichotuchosha. Baada ya ushindi, maelfu ya askari wa zamani wa Mobutu walipelekwa Kitona, kule mwisho kabisa wa nchi karibu na bahari, wafundishwe upya fikra za mapinduzi. Wakafundishwa. Julai 1998 Kabila akawaambia askari wa Rwanda waliomsaidia kushinda warudi kwao, na tarehe 2 Agosti kamanda wa jeshi hapa Goma akasoma redioni kwamba jeshi limeamua kumwondoa Kabila huyohuyo. Siku mbili baadaye ndege zilipaa kutoka uwanja wetu wa hapa mjini, zikavuka nchi nzima mpaka Kitona, zikiongozwa na James Kabarebe, ambaye wiki chache kabla alikuwa mkuu wa majeshi ya Kabila. Wale wanafunzi wa fikra mpya walipoulizwa wako upande gani, wengi wakaona somo limekwisha. Wakahama. Wangeingia Kinshasa kama Angola isingeleta jeshi lake.

Hebu fikiri hesabu yake. Askari mmoja, chini ya miaka miwili: wa Mobutu, halafu wa Kabila, halafu wa kumpinga Kabila. Kila mara ameapa. Sisi kwa muda huohuo hatukufanikiwa hata kubadilisha kitambulisho.

Uasi huo ukajiita RCD, na mara hii kiongozi alikuwa profesa, Ernest Wamba dia Wamba, aliyekuwa akifundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tukasema afadhali, msomi, atafupisha. Kumbe tulimpata mtu ambaye maelezo yake yalikuwa na utangulizi. Hata hivyo hatukumchoka, maana hakupata muda: Mei 1999 chama kikapasuka, yeye akaendelea na kipande chake Kisangani, kipande kingine kikabaki Goma na mtu mwingine, kisha vipande vikazaa vipande. Kila kipande kilikuwa na kamanda, kila kamanda alikuwa na tangazo, na kila tangazo lilisema kipande kile kingine ndicho kilichosaliti mapinduzi. Mwenye duka la redio Birere alisifiwa kwa kuuza betri nyingi miaka ile, lakini hata yeye alikuwa hafungui redio yake.

Januari 2002 mlima Nyiragongo ulifunguka, ukakata mji wetu katikati, ukala nyumba, makanisa na sehemu ya uwanja wa ndege. Uliharibu kuliko makamanda wengi. Lakini haukuita mtu uwanjani.

Ikafika 2003, wakubwa wakapatana Afrika Kusini, ikaundwa serikali ya rais mmoja na makamu wanne. Rais alikuwa Joseph, mtoto wa yule Kabila ambaye mwaka 1998 waasi walisema redioni kwamba hafai. Jean-Pierre Ondekane, aliyekuwa mkuu wa wapiganaji wa RCD, akawa Waziri wa Ulinzi wa serikali hiyohiyo. Arthur Z'ahidi Ngoma, aliyekuwa miongoni mwa waliotangaza uasi ule, akawa mmoja wa makamu wa rais, tena kwa niaba ya upinzani usio na silaha. Hapo hatukuitwa uwanjani. Kwenda porini kunahitaji maelezo marefu. Kurudi mezani hakuhitaji hata salamu.

Tukaambiwa jeshi sasa litachanganywa. Waasi na wa serikali wachanganywe kambini, wagawiwe upya, watoke jeshi moja. Mpango mzuri, hatubishi. Ila ulikuwa na kijitobo: aliyetoka porini alitambuliwa kwa cheo alichojipa mwenyewe akiwa porini. Kapteni aliyeondoka alirudi kanali. Kapteni aliyebaki kwenye mahandaki, mvua ikimnyea, alibaki kapteni, na sasa anampigia saluti mtu aliyekuwa anamrushia mabomu. Usishangae basi kwamba yule aliyebaki naye akaanza kufikiri sana, usiku na mchana.

Dola ya karatasi ikichanika kidogo tu pembeni hapa kwetu hakuna anayeipokea, utaizungusha mji mzima urudi nayo. Afande aliyechanika pande zote nne anapokelewa kwa thamani yake kamili, na chenji juu.

Laurent Nkunda alikuwa afisa wa RCD. Jeshi jipya lilimpa nafasi, akakataa kwenda. Juni 2004 akaingia Bukavu pamoja na Kanali Mutebutsi, akatoka, akapanda milimani Masisi, na mwaka 2006 akaanzisha kundi lake, CNDP. Huyu alikuwa bingwa wa maelezo. Alipenda waandishi wa habari, alikuwa mchungaji pia, alishika fimbo, na akianza kusema hakuna aliyejua atamaliza lini. Mwishoni mwa Oktoba 2008 alifika mlangoni mwa mji, akasimama, akatangaza kusitisha vita, na usiku ule tuliporwa na waliokuwa wanakimbia, si waliokuwa wanakuja. Asubuhi kila upande ukatueleza kwa nini kosa ni la upande wa pili. Magodoro hayakutajwa.

Halafu Januari 2009, nyundo juu ya nyundo. Bosco Ntaganda, mkuu wa wapiganaji wa Nkunda, anatokea hapa Goma mbele ya kamera pamoja na wakubwa wa Kongo na Rwanda, kusema vita vimekwisha na watu wake wanaingia jeshi la taifa. Wiki moja baadaye Nkunda anakamatwa Rwanda. Machi 23 mkataba unatiwa sahihi. Ntaganda, ambaye mahakama ya The Hague ilikuwa inamtafuta na hati yake ilikwisha kutangazwa, anabaki jenerali wa serikali, tukimwona mjini anacheza tenisi. Kila operesheni ya miaka hiyo ilipewa jina tamu, Umoja Wetu, Kimia, Amani Leo. Kwa kweli sisi tungekubali hata amani ya wiki ijayo, mradi ifike.

Mwaka 2012 Kinshasa ikaanza kusema maafisa wa CNDP ya zamani wapelekwe kutumika mikoa mingine, na wengine wakaanza kutaja habari za kumkamata Ntaganda. Walikataa kuhamishwa, wakahama. Na hapa tuwape haki yao, maana ubunifu wao haujapata mshindani: waliuita uasi wao M23, kwa sababu serikali haikuheshimu mkataba wa tarehe 23 Machi. Tarehe waliyoingilia serikalini ndiyo hiyohiyo waliyotokea nayo. Mlango mmoja, kibao kimoja, kimeandikwa pande zote mbili.

Novemba 20 mwaka huo wakaingia mjini. Kesho yake, uwanjani. Msemaji wao alituhutubia, na askari na polisi wa serikali walioshindwa kukimbia wakaambiwa walete silaha na kujiandikisha. Wakaleta. Msemaji akatangaza wamefika askari 2,100 na polisi 700. Hatukuwahesabu, lakini foleni tuliiona, na ndani yake tulimwona polisi wa barabarani ambaye siku chache kabla alikuwa anasimamisha pikipiki zetu kwenye mzunguko. Alikuwa bado ana filimbi shingoni. Mtu mmoja nyuma yetu akasema taratibu, "Na huyu naye ameona mateso ya wananchi." Tulicheka kwa pua, kwa sababu kucheka kwa mdomo siku hiyo hakukuwa kwa busara.

Desemba mosi wakaondoka. Siku hiyohiyo polisi wa serikali wakarudi. Yule wa filimbi alirudi kwenye mzunguko wake, na siku ya kwanza alikuwa na adabu sana.

Machi 2013 Ntaganda akajitokeza mwenyewe kwenye ubalozi wa Marekani mjini Kigali, akaomba apelekwe The Hague. Mwaka 2019 akahukumiwa miaka 30. Ndiye afisa pekee katika hadithi hii ambaye tunajua kwa hakika yuko upande gani.

M23 ilipigwa mwishoni mwa 2013, ikarudi mwishoni mwa 2021, ikachukua Bunagana Juni 2022, na Januari 2025 ikaingia tena hapa kwetu. Sasa imo ndani ya muungano mkubwa zaidi ambao kiongozi wake wa kisiasa ni Corneille Nangaa. Wengine mtamkumbuka: ndiye aliyekuwa mkuu wa tume ya uchaguzi, ndiye aliyesoma usiku ule wa Januari 2019 kwamba Félix Tshisekedi ameshinda. Akatangaza muungano wake Nairobi Desemba 2023, na Februari 2025 akasimama uwanjani hapa Goma kutueleza kwa nini Tshisekedi huyo lazima aondoke. Kwa hiyo ugonjwa umetoka jeshini, umewafikia hata wahesabu kura. Tulipiga makofi. Benki zilikuwa zimefungwa, uwanja wa ndege umefungwa, hatukuwa na mahali pengine pa kwenda.

Watu wanatuuliza, nanyi mko upande gani? Swali hili huulizwa na watu wenye tiketi ya kurudi kwao. Sisi hatuna upande, tuna mtaa. Pande ndizo zinazotupitia. Mtu wa Ndosho au Majengo ameishi chini ya serikali sijui ngapi bila kuvuka barabara. Amelipa kodi ya soko kwa wote. Ameshiriki salongo, ule usafi wa lazima wa Jumamosi aliouacha Mobutu, ambao kila mapinduzi yanaanza kwa kuurudisha na kutuambia ni wazo lao. Mfereji ni uleule, taka ni zilezile, mwenye kiboko tu ndiye mgeni.

Na karatasi! Hakuna anayeandika habari za karatasi. Kila utawala mpya unaanza kwa kutangaza kwamba risiti za utawala uliopita ni batili, zilitolewa na watu wasiokuwa na mamlaka. Mwenye duka alilipa Juni, Septemba analipa tena Juni. Mwenye kiwanja alitiliwa sahihi na shefu aliyewekwa na hawa, wale wanarudi wanasema shefu huyo hatambuliki. Wanandoa walioandikishwa wakati wa uasi waliambiwa siku moja kwamba labda hawajaoana. Mume alituambia hakulipokea vibaya kama mke wake alivyofikiri. Lakini afande aliyesimamia risiti hizo zote batili, yeye mwenyewe si batili. Cheo chake kinatambulika pande zote.

Pale Birere yuko mchora vibao anayetengeneza mabango ya ofisi. Zamani alitumia rangi ya mafuta, akasifika, herufi zake zilidumu. Siku hizi ofisi ikiagiza kibao anatumia rangi ya maji. Inafutika kwa kitambaa. Anasema si dharau, ni kuokoa mbao, mbao zimepanda bei.

Wake wa askari nao wasisahauliwe, maana wao ndio hasa wanaohama. Afande akisha kufikiri sana usiku na mchana, yeye anaondoka na gari. Mama kambini Katindo anaamka asubuhi amekuwa mke wa adui. Jiko liko motoni, sombe haijaiva, watoto wana mtihani, na mtu anagonga mlango kusema nyumba hii ni ya askari wa serikali, mume wako ni msaliti, toka. Anatoka na sufuria kichwani. Baada ya miaka mitatu wakubwa wanapatana, mume anarudi kanali, nyumba anapewa nyingine kubwa zaidi, na aliyetolewa humo ni mke wa yule aliyekuja kugonga. Hawa wanawake wanajuana kwa majina. Wanakopeshana chumvi. Hakuna kati yao aliyewahi kupewa megafoni.

Tunajua sababu zao wakubwa, hatujalala. Tunajua mshahara wa askari huondoka Kinshasa mzima na kufika huku umeumwa njiani. Tunajua kuna vikosi ambavyo kwenye karatasi vina watu wengi na kambini vina wachache, na mshahara wa wasiokuwepo una mwenyewe. Tunajua mgodi wa Rubaya unatoa madini yale yanayoingia kwenye simu za ulimwengu, na kwamba anayekaa kwenye njia ya kutokea mgodini hasumbuliwi na fikra nyingi. Tunajua nani ana jirani gani ng'ambo ya mpaka. Afande akisimama akatuambia, "Ndugu zangu, upande ule hawanilipi, upande huu wameahidi kunilipa, na kamanda wangu mpya ananipa bariyeri ya Kibumba," tungempigia makofi ya kweli, hata ya kusimama. Tungesema huyu ni mtu mzima. Kwani mwenye chukudu akipewa mzigo wenye bei nzuri zaidi anabadilisha mteja, wala hatuombi tangazo.

Lakini hasemi hivyo. Anasema amefanya kwa ajili yetu. Hapo ndipo shida ilipo. Kwa sababu mtu akishakuambia amefanya kwa ajili yako, mwishoni lazima akuletee hesabu. Na kweli, wiki haiishi, inakuja: mchango wa juhudi za vita, kwa kila duka, kwa kila pikipiki, kwa kila gunia la makala linaloingia mjini. Wapinzani wa mapinduzi hawalipi, kwa kuwa wamekimbia. Tunalipa tuliobaki, tuliopiga makofi.

Mara ya mwisho tulijaribu kuuliza. Mzee mmoja wa mtaa wetu, mwalimu mstaafu ambaye pensheni yake nayo imekuwa ikihama toka serikali hata serikali bila kufika, aliinua mkono pale uwanjani. Afande alifurahi kuona mkono, akadhani ni shukrani. Mzee akasema ana maswali matatu tu, kwa heshima zote. Kwanza, je, risiti tulizolipia miezi iliyopita kwa afande mwenyewe, alipokuwa upande ule, atazitambua sasa akiwa upande huu, kwa kuwa mkono uliozisaini ni uleule? Pili, pikipiki zilizochukuliwa kwa ajili ya kupigana na waasi, sasa kwa kuwa waasi ndio yeye, zitarudi? Tatu, je, atakaa muda gani, ili tujue kama tupake kuta?

Uwanja mzima ulikaa kimya. Afande alitabasamu, akamshukuru mzee kwa uzalendo wake, akasema hayo ni mambo ya utaratibu, na maswali yote ya utaratibu yapelekwe kwa maandishi kwa msemaji, ofisi ya pili upande wa kushoto. Tukaandika vizuri, mzee akasahihisha nukta na mikato, tukapiga nakala mbili na kulipia mhuri.

Jumatatu tulizipeleka. Mlango ulikuwa wazi, kiti kipo, kalamu iko juu ya meza. Tukamuuliza mlinzi msemaji yuko wapi.

Amehama.